Mkebe Uliorudi Mzito

Niliupokea mkebe wa chakula mlangoni, nikaupima kwa kiganja kama mtu anunuaye unga, na kabla sijaufungua nikajua. Siku ya tisa, na mtoto hajagusa kitu.

Miaka hiyo nilikuwa mpishi mkuu katika kantini ya kiwanda. Watu mia tatu walikula mapishi ya mkono wangu kila mchana, na sahani zilirudi zimekwanguliwa hata muoshaji akawa hana kazi. Sikujua unyenyekevu wa uongo: nilijua kupika, na nilijua kwamba najua. Kisha nikaolewa na fundi saa, mgane mwenye binti wa miaka saba. Baba yake alimwita Chiriku, kwa domo alilokuwa nalo kabla mama yake hajafariki. Mimi nilimkuta kimya. Aliniita Anti, akashukuru kwa kila kitu, akalala akiambiwa alale. Nyumbani alikula alichopewa, tena kwa pupa. Cha shule hakukigusa.

Nilijaribu kila ujanja. Kuku nilimtoa mifupa. Mkate niliupitisha kwenye kikaango ili usilowe. Viazi nilivikata umbo la nyota, na nyota zikarudi jioni vilevile, ila zimesinyaa.

"Hukupenda?"

"Nimependa, Anti."

Jioni hiyo ya tisa wifi yangu alitukuta, mkebe uko mezani wazi. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, na ndiye aliyemlea mtoto mwaka mzima wa msiba.

"Usijitese, wifi," alisema, kwa upole uliouma kuliko tusi. "Mkono wa mama haushindwi na vyeti. Jumamosi nitamchukua, akae kwangu."

Mume wangu aliinamisha kichwa.

"Jumamosi bado siku mbili," nikamjibu.

Kesho yake nilimwachia msaidizi wangu masufuria, nikaenda shuleni. Nilisimama nje ya dirisha la darasa saa ya chakula. Mwalimu mmoja, watoto hamsini, dakika kumi na tano. Chiriku aliutoa mkebe, akaubana kwa magoti, akasukuma kibanio cha kifuniko kwa vidole gumba mpaka kucha zikawa nyeupe. Akajaribu kwa meno. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaulaza mapajani, akaufunika kwa mikono miwili na kukaa wima, kama mtu aliyekwisha kushiba.

Mkebe ule niliuchagua mimi. Wa chuma, imara, aina waliyokuwa nayo mafundi wa kiwandani. Kila asubuhi niliufunga kwa gumba lililokomazwa na miaka ya masufuria, nikausikia ukilia *ta!*, nikaridhika.

Niliingia, nikachuchumaa mbele yake. Alishtuka.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" nikamuuliza.

"Ulisema ni mkebe mzuri sana. Na shangazi alisema nikikusumbua utaondoka."

Nikaufungua. Alikula kama aliyetoka kulima, mashavu yamejaa, nami nikabaki pale sakafuni na aproni yangu ya kazi. Alipofika nusu akaninyooshea kidole.

"Pilipili manga imezidi. Inachoma."

"Haya."

"Na mayai usiweke tena. Yananuka, wenzangu wanaziba pua."

"Haya."

"Na chungwa menya kabisa. Muda hautoshi."

Kantini nzima hakuna aliyethubutu kunisemesha hivyo. Ningeweza kumsikiliza mpaka jua litue.

Tukatoka shule tukapitia dukani. Alijaribu vifuniko vya rafu nzima, kimoja kimoja, muuzaji akiguna, mpaka akapata kibakuli cha plastiki cha rangi ya matope kilichofunguka kwa kidole kimoja. Kibaya kupindukia. Tukakichukua.

Wifi alifika Jumamosi asubuhi kama alivyoahidi, na mfuko mtupu wa kutilia nguo za mtoto. Alitukuta jikoni tukijaribu vyakula vya wiki inayokuja. Chiriku alikuwa juu ya kigoda, ameshika kipande cha karoti.

"Vinene hivi, Anti! Nani atatafuna mpaka kengele ilie? Shangazi, hebu mwambie."

Wifi alimtazama yule mtoto aliyekuwa akifoka. Kisha akautundika mfuko nyuma ya mlango, akaomba kisu.