Ukurasa wa Mwisho Uko kwa Mwaisha

Mwaisha alikuwa na mwisho wa hadithi, ila mwanzo wake hakuwahi kuujua. Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, ilikaa mwaka mzima kwenye kipochi chake pamoja na kitambulisho cha mjasiriamali. Na mwaka mzima alijiuliza huyo Mwanahawa anayelia kwa furaha kando ya Ruvuma ni nani, na kijana anayemkumbatia alikuwa amepotelea wapi.

Usimcheke. Mwaisha kajifunza kusoma ukubwani, kwa karatasi za kufungia karanga na korosho anazouza kwenye lango la shule pale Mikindani. Akinunua gunia la karatasi chakavu sokoni, husoma kwanza ndipo hukunja. Kasoma katikati za hadithi nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Hiyo ya Mwanahawa ndiyo ya kwanza aliyoifikisha hadi nukta ya mwisho bila kufuatisha silabi kwa kidole, na mkono ukagoma kuikunja.

Alhamisi hiyo shule ilikuwa na tamasha la kusoma, kumkumbuka marehemu Lukasi Nampunga, mwandishi wa zamani mzaliwa wa Kitaya. Wanafunzi walipanga kukisoma kitabu chake chote kwa siku moja, wakipokezana kipaza sauti. Mwaisha alikuwa akipepeta karanga langoni spika ilipotaja jina la Mwanahawa. Ungo nusura umponyoke.

Kumbe ndiye huyu! Mjane wa Kitaya, mwanawe Asadi kavuka mto kwenda kutafuta kazi asirudi, na mama kamfuata ng'ambo kijiji kwa kijiji. Tangu hapo biashara ikaharibika. Mtoto akiomba karanga anapewa korosho, maana sikio la muuzaji lilikuwa ndani ya uzio.

Alasiri usomaji ukakatika. Mwalimu Upendo wa maktaba akashika kipaza sauti.

"Wanangu, mnisamehe. Juzi nilipokuwa nakishona kitabu ndipo nikaona karatasi ya mwisho haipo. Nimetafuta nakala nyingine Mtwara nzima, nimekosa. Mwisho wake tutautunga wenyewe."

Watoto wakaguna uwanja mzima. "Kampata au hakumpata?" mmoja akapiga kelele.

Mwaisha akashika kipochi. Karatasi ile ilikuwa na muhuri wa shule, na mwalimu mkuu, Mwalimu Paulo, alishatangaza mbele ya wazazi kwamba atakayekutwa na kitabu cha shule, hata kipande, atamfikisha polisi. Lango hilo ndilo lililomlelea wanawe wawili. Akinyamaza, nani atajua? Lakini watoto wale walikuwa wamempa mwanzo, tena bure. Kuwanyima mwisho aliona ni roho mbaya iliyopitiliza.

Akaingia, akamnyooshea mwalimu mkuu karatasi ile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu Paulo akaitazama karatasi, akautazama muhuri. "Umeipata wapi hii, Mama?"

"Kwenye gunia la karatasi, sokoni. Nyingine za gunia hilo nimefungia karanga, Mwalimu, sikufichi. Hii nilishindwa."

"Ulishindwa kwa nini?"

"Nilitaka kujua kilichomliza yule mama."

Mwalimu mkuu akamrudishia karatasi. Kisha akamkabidhi kipaza sauti. "Basi wasomee mwenyewe."

Akasoma. Alikwama mara mbili, na hakuna aliyecheka. Asadi alipotokea kwenye ukingo wa mto akamwita mama yake, uwanja ukalipuka kwa vifijo, na Mwaisha akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mwalimu Upendo akamkumbatia. "Ahsante sana, Mama. Umetuokoa."

"Mimi ndiye wa kushukuru, Mwalimu. Mwaka mzima nililia na yule mama bila kumjua."

Mwalimu Paulo mwenyewe aliibandika karatasi mahali pake kwa gundi. Kisha, badala ya kukirudisha kitabu kabatini, akamwekea Mwaisha mikononi. "Kuna mengi yamekupita ukihudumia wateja. Nenda kaanzie ukurasa wa kwanza."

Mwaisha akarudi langoni, akachagua karatasi zake zote safi zilizobaki, akakijalidi kitabu vizuri kisiguswe na mafuta. Watoto walipomiminika kutoka kutaka karanga, hakuwa na kitu cha kufungia.

"Kingeni mikono, wanangu," akasema, akiwachotea hadi zikamwagika.