Etrie Nyekundu za Papa Charlène

Mwezi ule Barthélemy alikuwa na jambo moja tu kichwani: kumpeleka bintiye Charlène kanisani, siku ya ndoa yake, kwa gari lake mwenyewe. Lakini Bukavu hakuna harusi bila kamati, wala kamati bila tume ya magari, na tume ndiyo inayochagua gari la kumbeba bibi harusi. Macho ya tume yalikuwa kwa Venant, kaka wa mkewe, aliyerudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Luhwindja na jipu jipya, kioo kila upande.

Gari la Barthélemy lilikuwa la zamani, ila janti zake, yaani rimu za magurudumu, zilikuwa na nafasi wazi, na ukichungulia unaiona etrie, kile chuma kinachobana diski ya breki ili gurudumu lisimame. Kwenye simu aliona magari ya wakubwa yana etrie nyekundu. Akaapa kwamba Venant atashindwa kwa etrie.

Mtu mwenye akili zake angenunua kopo la rangi akapaka, mambo yakaisha. Barthélemy alikuwa mtu wa shirika, mwenye ofisi Ibanda, mahali ambapo hata kiti hakinunuliwi bila mkutano. Akaita watu sebuleni, akaweka fanta na sambusa, akamteua jirani yake Léopold kuwa mwenyekiti, na kikao kikafunguliwa kwa sala, eti Mungu naye ashauri juu ya rangi.

Rangi ya friji ilikataliwa kwa sababu ikipata moto inageuka njano. Rangi ya mageti nayo ikaanguka, maana mafuta ya breki yakiidondokea inalainika kama uji. Ikabaki ile ya kupuliza, ya kuvumilia joto kali, ambayo ikishakauka lazima ipikwe: unaendesha huku unakanyaga breki, mpaka chuma chenyewe kiikaushe vizuri.

Clémence, mkewe, alikuwa anapitisha sahani.

"Papa Charlène, plaketi iko nalia tangu Noeli," akasema. "Tia kwanza plaketi mupya."

Plaketi ndiyo vile vipande vinavyosugua diski. Bila hivyo etrie haina kazi, ni pambo tu.

"Plaketi haionekanake inje, Maman Charlène," akajibu Barthélemy kwa upole wa mshindi, na wajumbe wote wakampigia makofi huku midomo imejaa sambusa.

Kazi aliifanya mwenyewe, na tusimnyime haki yake, aliifanya vizuri. Alisugua chuma kwa brosi ya waya, akafunika mipira kwa karatasi ya gundi, akapuliza tabaka juu ya tabaka. Kisha akaanza kupika. Alipanda mlima wa Bagira, akateremka mguu juu ya breki, akapanda tena, akateremka tena, moshi ukitoka kwenye magurudumu. Kilio cha plaketi kikageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Akafungulia redio.

Aliporudi nyumbani alikwaruza rangi kwa ufunguo, haikubanduka. Akaimwagia petroli, wapi! Tume ikaja, ikainama, ikapiga picha, ikampa ushindi palepale.

"Mi nilitaka tu Papa ye mwenyewe anipeleke," Charlène akamwambia, na Barthélemy akageukia ukuta ili asionekane anafuta machozi.

Siku ya ndoa fanfare ilikuwa mbele ndani ya pikapu, tarumbeta juu, na msafara ukaanza kuteremka kuelekea kanisani. Barthélemy akakanyaga breki. Chuma kikasaga, gari likaendelea. Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Wapiga tarumbeta waligeuka, wakaona bibi harusi anawajia mbio, wakasahau wimbo. Akakata usukani, na gari likajichomeka kwenye lundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Hakuna aliyeumia. Maua ya boneti ndiyo yaliyokufa.

Charlène akashuka, akavua viatu, akakunja gauni.

"Papa, padri anangoja. Kanisa iko hapa chini tu. Unishike mukono, twende na miguu."

"Nakuja, mama."

Na kweli alikuwa anakuja. Lakini Venant alikuwa ameshuka kwenye jipu lake, amechuchumaa karibu na gurudumu, na wala hakuwa anacheka.

"Shemeji! Na ule moto yote, haiyabanduka hata kidogo! Ni rangi ya namna gani hii?"

Nusu ya wageni wakainama kutazama. Barthélemy alisita kidogo sana.

"Ah, hii si rangi ya friji," akaanza. "Kwanza unasugua na brosi ya waya..." Akaeleza mipira, akaeleza tabaka, akafika kwenye kupika na kuonyesha kwa mguu namna ya kukanyaga. Venant alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima.

Alipogeuka ili amshike Charlène mkono, fanfare ilikuwa imeanza tena, mbali, kule chini. Gauni jeupe lilikuwa linakata kona, na aliyemshika bibi harusi mkono alikuwa Clémence.