Begi la Mbavu za Edome

Sanduku la tatu la Akai lilikufa mwezi wa tisa mwaka 2013, na lilikufa kifo kibaya. La kwanza lilikuwa limeng'oka gurudumu ndani ya wiki moja, maana mchanga wa Lodwar haujawahi kulipenda gurudumu dogo. La pili lilikatika mpini. Hayo mawili Akai aliyacheka, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na masanduku ya siku hizi kazi yao ni kujitembeza. La tatu halikumchekesha.

Akai alikuwa msemaji wa wanawake wa upande wa Kakuma na Kalobeyei katika kesi ya kisima. Wanawake hao walichimbiwa kisima, wakanywesha mbuzi wao mwaka mzima, halafu kampuni moja ikaja ikakizungushia seng'enge ikidai ni chake. Kwa kuwa Akai alikaa Lodwar na alijua kusoma, wakamtuma yeye. Mara mbili kila mwezi alipanda ndege ndogo kwenda Nairobi, akaketi mbele ya kamati, akarudi. Watu wa mtaani walimwonea wivu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hasa ukiuona unapanda ndege.

Safari ile ya mwezi wa tisa alibeba karatasi mia mbili na kumi na nne. Kila moja ilikuwa na jina la mwanamke mmoja na alama ya kidole gumba chake kwa wino, kwa sababu kamati ilikataa nakala, ilitaka wino wenyewe. Pale mlangoni pa ndege ofisa alilitazama lile sanduku lilivyovimba, akasema halitaingia juu ya viti, akamnyang'anya na kulitupa kule nyuma na mizigo mingine. Nairobi mvua ilikuwa ikinyesha. Sanduku liliposhushwa zipu ikaachia toka mwanzo hadi mwisho, na upepo wa rafadha ukafanya uliyoyafanya. Akai aliokota karatasi akiwa amepiga magoti kwenye maji, ofisa mmoja wa uwanjani akimsaidia na kuomba radhi, lakini wino ulikuwa umeshatiririka. Alipata karatasi sitini zenye madoa ya bluu. Hakuna kidole hata kimoja kilichosomeka.

Kamati ikampa mpaka katikati ya mwezi wa kumi na moja, na ikasema hiyo ndiyo ya mwisho.

Alirudi akaenda Kakuma kuwaambia wenyewe. Walimsikiliza chini ya mkwaju kando ya mto Tarach, mto ambao kwa miezi kumi ya mwaka ni mchanga tu. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza zaidi. Wawili kati ya wale waliotia alama walikuwa wameshafariki, na kidole cha marehemu hakichukuliwi mara ya pili. Mwishowe alisema Nakuleu, dada mkubwa wa marehemu mama yake Akai, mwanamke mwembamba mwenye shanga mpaka kidevuni.

"Kidole changu kilikwenda Nairobi kikapotea," alisema. "Cha pili hakiendi mpaka nione kitalala wapi njiani."

Wengine wakaguna kooni kumkubalia. Kwa hiyo kesi nzima, kisima, mbuzi na yote, ikawa inaning'inia kwenye begi.

Akai alianza kutafuta kama mtu anayetafuta mchumba wa mwanawe. Lodwar mjini alizunguka duka kwa duka, akivuta zipu na kugonga pembe kwa kifundo cha kidole, mpaka wenye maduka wakaanza kumkwepa. Jerusha, mwenzake wa ofisini, alimfungulia kompyuta akamwonyesha begi la ughaibuni lililotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizookotwa baharini. Lilikuwa zuri kweli, jepesi, rangi ya moshi.

"Hawa hawaharibu dunia," Jerusha alisema. "Na wanaahidi maisha."

"Maisha ya nani?"

"Ya begi. Likivunjika unawatumia kwa posta, wanalitengeneza, wanakurudishia."

Akai akajiona yuko posta ya Lodwar na begi lililovunjika, akiuliza stempu za kwenda ng'ambo, kamati ikimsubiri Jumatatu. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile mvua. Alichohitaji alikijua sasa: begi dogo la kuingia juu ya viti hata ofisa awe na hasira, lisilozidi kilo saba likiwa limejaa, lisiloingiza maji, na likiumia lipone hapahapa.

"Basi nenda kwa Manyang," Jerusha alisema, akaifunga kompyuta. "Yule Msudani wa kambi ya wakimbizi, Kakuma Wani. Mume wangu anavaa viatu vyake mwaka wa sita huu, na mimi nimechoka kuviona."

Manyang alikuwa na kibanda cha mabati sokoni ndani ya kambi. Alikuwa mrefu kiasi kwamba akiketi kwenye kigoda magoti yalimfika masikioni. Ukutani alikuwa ametundika vitu ambavyo wengine huviita taka: turubai za mahema yaliyochakaa, mipira ya ndani ya matairi ya lori, mikanda ya viti vya magari yaliyokufa barabara ya Lokichoggio. Akai akamwekea lile sanduku la tatu mezani. Alikuja nalo makusudi.

"Ejok, dada," Manyang alimsalimu kwa Kiturkana, kisha akalivuta sanduku. Alilipasua kwa kisu, taratibu, kama daktari anayetafuta sababu ya kifo. Akamfunulia Akai ngozi ya nje, na chini yake karatasi ngumu iliyolowa, na chini ya karatasi gundi.

"Hii begi haikuharibika Nairobi," alisema. "Hii ilikufa kiwandani, wewe ulibeba maiti tu. Ona. Hapana uzi, ni gundi. Hii zipu ni ya nguo ya mtoto. Na hii mpini, nikitaka kubadilisha, lazima nivunje yote. Kitu hawezi kufunguliwa, hawezi kupona."

Akai alikuwa amekwisha kukasirishwa na masanduku matatu, lakini hajawahi kuonyeshwa kwa nini. Alijihisi mjinga na mwenye bahati kwa wakati mmoja.

"Yangu nitashona kwa mkono," Manyang aliendelea. "Kila kitu kinavunjika, nabadilisha na sindano na kisu. Turubai ndani kwa maji. Ngozi ya mbuzi nje. Mkanda ya gari. Shida ni moja tu, mbavu. Chuma ni nzito, plastiki inapasuka na jua. Nataka mti inakunjika na haivunjiki."

Siku ya pili Nakuleu alivuka mto mwenyewe kuja kumkagua huyo fundi. Aliinama mlangoni, akashika turubai, akainusa, akaitupa. Manyang akasimama kwa heshima, akamrudilia neno lake la mbavu. Kizee akageuka akaondoka. Akai alidhani mambo yameharibika.

Kesho yake asubuhi Nakuleu alirudi na kitu kikubwa kichwani. Kilikuwa tenga la kupakia punda, lile ambalo kila mwanamke wa Kiturkana hulimiliki tangu kuolewa na hamwazimi hata pacha wake. Umbo lake la yai, fito za mti wa edome zilizokunjwa zikiwa mbichi na kufumwa kwa kamba za ngozi. Siku ya kuhama hufungwa ubavuni mwa punda, na humo huingia wana wa mbuzi, vibuyu, na watoto wasioweza kutembea.

Manyang aliupokea ule mzigo kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya fito, moja baada ya nyingine, akazikunja, akaziachia, nazo zikarudi mahali pake bila mlio. Alitafuta ufa. Alitafuta tena. Kisha akaketi chini, na mtu yule mrefu akaonekana mdogo.

"Mama, hii ni ya miaka ngapi?"

Nakuleu hakujua kuhesabu kwa miaka. Alihesabu kwa kuhama, kwa Kiturkana, na Akai akatafsiri: kutoka milimani hadi Lokichoggio, kurudi, mwaka wa ugonjwa wa ng'ombe, mwaka wa uvamizi, kuhama zaidi ya sitini. Kamba za ngozi alizibadilisha kila zilipochoka. Fito hakuzigusa.

"Na mwaka wa njaa kubwa," Nakuleu alisema, sasa akimtazama Akai, "mama yako alipofia njiani, wewe hukuwa na meno. Punda mmoja ndiye aliyebaki. Upande mmoja niliweka maji, upande huu nikakuweka wewe. Siku nne mpaka Kakuma."

Akai hakuwahi kuambiwa. Alijua mama yake alikufa mwaka wa themanini, alijua alilelewa na Nakuleu, lakini alikuwa akidhani alifika mgongoni mwa mtu, kama watoto wengine. Aliingiza mkono ndani ya tenga. Fito zilikuwa laini kwa mafuta ya miaka, na upande wa chini kulikuwa na bonde dogo mahali ambapo watoto walilalia, mmoja baada ya mwingine. Ameruka na ndege mara ngapi, amekaa juu ya mawingu akila karanga, na hakuna kilichowahi kumstaajabisha kama lile bonde.

"Kata," Nakuleu alimwambia Manyang kwa Kiswahili chake kichache. "Mimi nahama tena hapana. Kata."

Manyang alikataa. Akai naye alikataa. Nakuleu akachukua kisu cha fundi mezani akakata kamba ya kwanza mwenyewe, na baada ya hapo hapakuwa na la kubishania.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Wanawake walilainisha ngozi kwa mafuta na mikono yao, zamu kwa zamu, wakimcheka Manyang kwa jinsi alivyokaza uzi kwa meno. Naye Manyang aliwapimia kwa futi kipimo cha shirika la ndege, nao hawakuijali futi yake, wakapima kwa dhiraa na shubiri, na vipimo vyote viwili vikatoka sawa. Hilo lilimfurahisha fundi kuliko malipo. Waligombana mara moja tu. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na wanawake wale hawajawahi kutengeneza mzigo wa kitu kingine zaidi ya punda. Kwa hiyo upande mmoja waliubonyeza ndani, ukaingia kama unavyoingia ubavu wa mnyama.

"Haitasimama!" Manyang alilalamika. "Begi ya ndege lazima isimame chini!"

"Kwa nini mzigo usimame chini?" Nakuleu aliuliza. "Nani kauacha?"

Akai alilitundika begani. Ule upande uliobonyea ukamkaa kiunoni kana kwamba amezaliwa nao. Manyang alimzunguka mara mbili akitikisa kichwa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu aanze kushona mabegi amekuwa akiyashonea sakafu, si watu.

Ikabaki kujaribu. Wanawake walikusanyika kwa Nakuleu ng'ambo ya mto, karatasi mpya zilizokwisha andikwa majina na pedi ya wino zikawekwa juu ya meza iliyoazimwa kanisani. Akai alitegemea watalimwagia begi maji, au watalipigisha chini. Lakini Nakuleu alimwita mkwe wake Akiru, na Akiru akamleta binti yake wa miezi minne, akamlaza ndani ya begi kwa mikono yake mwenyewe.

"Tenga jipya hujaribiwa kwa kitu usichokubali kipotee," Nakuleu alisema. "Vuka mpaka ule mgunga wa ng'ambo, urudi."

Akai alivuka. Mchanga ulikuwa unaungua hata kupitia akala zake za mpira wa tairi. Hakutazama nyuma, si kwa ujasiri, bali kwa kuwa macho yake yalikuwa ndani ya begi, na mkono wake wa kulia umo humo, kiganja juu ya kifua cha mtoto, akikihisi kikipanda na kushuka. Hajawahi kubeba kitu kwa woga mkubwa na heshima kubwa namna ile. Aliugusa mgunga, akageuka, akarudi hatua kwa hatua. Mtoto alikuwa amelala.

Aliponyanyua kichwa kuwatafuta, hakuna aliyekuwa akimtazama. Wote walikuwa wamempa mgongo, wameizunguka meza. Na kwenye mchanga, kuanzia mezani mpaka uani, karatasi zilikuwa zimetandazwa zikauke, mamia, kila moja na jiwe dogo juu yake ili upepo usiichukue, na kila moja na kidole.

"Mama," Akai alisema, "hamkuningoja nirudi?"

Nakuleu aligeuka, gumba lake jeusi kwa wino.

"Ulipoingia mtoni tuliona umetia mkono ndani, hujautoa," alisema. "Tungengoja nini tena?"

Machozi yakamwahi Akai. Nakuleu akamshika bega akamsogeza kando.

"Lilia kule," alisema. "Karatasi hazijakauka."