Haja ya Wanawake wa Mtaa wa Juu

Siku hizi kahawa ya wageni inatoka kwenye chupa ya chai, inamiminwa katika vikombe vya karatasi, na mgombea akimaliza kuomba kura anaondoka na kikombe mkononi kama mtu anayekimbilia basi. Hulail hapendi. Wiki hii wamepita ghalani kwake mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa binti mdogo ambaye picha yake imebandikwa ukutani pale nje, kubwa kuliko mlango. Hulail alimsikiliza mpaka mwisho, akamwahidi kura yake. Binti alipoondoka, mzee alibaki amekaa juu ya gunia la shayiri, akimkumbuka dada yake Wadha, na mwaka ule baraza la mji lilipotengewa kiti cha mwanamke kwa mara ya kwanza.

Mji wao ni mdogo, uko kilimani, kusini ya mji wa Karak. Chini wanakaa watu wa ukoo wa Shuraiq, wengi, wenye visima na mizeituni. Juu wanakaa watu wa Hamlan, wachache, wenye kondoo na midomo. Hulail na Wadha ni wa juu.

Wadha alifiwa na mume mapema, akarudi kwa mdogo wake Hulail. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia kondoo, na hakuwa na subira na upuuzi. Baraza lilikuwa limeweka jaa kando ya shule ya wasichana. Kila takataka zilipochomwa, moshi uliingia madarasani, na watoto wakarudi nyumbani wakikohoa, macho mekundu. Wadha akaenda kulalamika. Karani akamwambia, "Mama, mlete mwanamume wako tuzungumze naye."

"Mwanamume wangu yuko makaburini," Wadha akasema. "Nenda kamwite. Akikuitikia, nijulishe."

Basi kiti kilipotangazwa, akaandikisha jina lake. Mtaa wa Juu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Jioni wanawake walijaa jikoni kwake, wengine wakikanda unga, wengine wakibishana nani ana jamaa mtaa wa chini wa kumwomba kura. Nyumba ilinukia mkate na viungo vya zaatari, na kelele zake zilifika msikitini. Hulail alinung'unika kwamba hapati usingizi. Leo angetoa hata fedha akoseshwe usingizi namna ile.

Watu wa Shuraiq nao walikuwa na mgombea wao, Amsha, mke wa mtoto wa Mzee Mutlaq, mkuu wa ukoo. Alikuwa msichana wa juzijuzi, hata hakuomba kugombea. Kama Wadha angejitoa, Amsha angepita bila kupingwa, na barazani mkono wake ungeinuka pale jicho la Mutlaq lingeelekea. Kila mtu alilijua hilo, pamoja na Amsha.

Siku moja alasiri Mzee Mutlaq akapanda kilima na wazee wenzake, wamevaa majoho yao mazuri. Hulail aliwakaribisha, akawatandikia mkeka. Mkewe alikuwa amesikia kisimani kwamba mjukuu mmoja wa Mutlaq anamtaka binti yao Rima, na Hulail alikuwa ameshaanza kuwaza mbuzi wa kuchinja.

Kahawa ikamiminwa. Mutlaq akapokea kikombe chake, hakukinywa, akakiweka chini mbele yake. Wenzake nao wakaweka vyao. Maana yake wamekuja na haja, na hawatakunywa mpaka wakubaliwe. Mwenye nyumba ambaye wageni wameondoka wakaacha kahawa yake ikipoa chini, husemwa mpaka wajukuu wake wasikie.

Baba yao Hulail na Wadha alisifika kilima kizima kwa jambo moja: aliwajibu wageni kabla hawajaomba. Hulail alikuwa amesubiri nafasi ya kufanya hivyo tangu utoto. Kichwa kikamvimba.

"Kunyweni kahawa yenu, wazee wangu," akasema. "Mlilolijia mmelipata, hata liwe shingo yangu!"

Mutlaq akatabasamu. "Mungu akuinue, mtoto wa baba yake. Shingo baki nayo. Tunataka dada yako aondoe jina lake."

Akanywa. Wakanywa wote. Hulail aliwasikia wakimeza.

Walipoteremka, Wadha alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Hulail zaidi.

"Umenitoa," akasema.

"Dada, nilidhani wamekuja kwa ajili ya Rima."

"Kwa hiyo Rima ungemtoa bila kuuliza anatakiwa na nani? Kama ni Mutlaq mwenyewe, na yale meno yake mawili?"

"Dada, neno limeshatoka. Nikilirudisha, nani atakayeketi tena kwenye mkeka wangu? Baba naye alikuwa akijibu hivyohivyo."

Wadha akapangusa unga mikononi. "Baba alijibu kabla ya kuombwa kwa sababu alikwisha kujua wanachotaka. Hukulijua hilo? Kila akisikia wageni wanakuja, alinituma mimi kwa wanawake wao nikaulize. Nilikuwa narudi mbio, namnong'oneza, halafu yeye anatoka kusifiwa."

Miaka yote Hulail alimwona baba yake kama mtu anayesoma mioyo.

Mlango wa kuondoa majina ulikuwa unafungwa kesho yake jioni. Usiku mzima Hulail alijigeuza kitandani. Akimwacha dada yake aendelee, neno la nyumba limekufa. Akimpeleka ofisini ajitoe, hawezi kumtazama tena usoni, na moshi utaendelea kuingia madarasani.

Asubuhi Wadha akamwamsha. "Washa pikapu."

"Twende ofisini?"

"Kwa Mutlaq. Neno lako sitalivunja. Aliyelipokea ndiye atakayelirudisha."

"Dada, wanawake hawaendi na haja kwenye sebule ya wanaume!"

"Basi tutakuwa tumepotea njia. Washa gari."

Nje, wanawake wa Mtaa wa Juu walikuwa tayari, wamevaa nguo zao nyeusi za tarizi, zile za harusi. Wakapanda nyuma, wakakaa juu ya magunia ya shayiri, wakishikana kila kwenye kona na kumtukana Hulail kwa kila shimo.

Walipofika, Wadha akamzuia kizingitini. "Wewe baki hapa na viatu. Ukiingia utatoa kitu kingine."

Hulail akakaa nje chini ya dirisha, kati ya viatu vya wanawake. Ndani alimsikia Mutlaq akikaribisha, kisha akisita. "Karibuni, karibuni... Wanawake wako upande ule, mama zangu."

"Tumekuja kwako," Wadha akasema. "Haja haiwekwi jikoni."

Mgeni hanyimwi kahawa. Ikamiminwa. Kisha Hulail akasikia vikombe vikigusa sakafu, kimoja baada ya kingine.

"Mnataka nini?" Mutlaq akauliza.

"Mrudishie Hulail neno lake."

"Neno nililopewa ni langu. Si kondoo aliyepotea hata nilirudishe kwa mwenyewe."

"Hatukusema si lako. Ndiyo maana tumekuja kuliomba."

"Wadha, wewe ni mtu mwenye akili. Hii ni desturi ya wanaume. Kikombe cha mwanamke hakina haki."

Hapo ikasikika sauti ya Bibi Tarfa, mke wa Mutlaq, kutoka chumba cha ndani. "Hakina haki? Ulipokuja kuniposa, ulikaa na kikombe chini mpaka adhuhuri, jasho likikutoka. Baba yangu alikataa. Aliyemwambia akubali ni mama yangu."

"Tarfa, nina wageni."

"Naona. Nimiminie na mimi."

Kikombe kingine kikagusa sakafu.

"Wewe ni mwenye nyumba!" Mutlaq akapiga kelele. "Utawekaje kikombe kwako?"

"Miaka yote unasema nyumba ni yako. Basi leo mimi ni mgeni."

Mwanamke mmoja akacheka, akajikohoza kuficha. Hakuna kikombe kilichosikika kikiinuliwa. Jua likapanda ukutani. Kijana wa Shuraiq alipita na punda, akamwona Hulail. "Vipi, Baba Rima! Umekuwa mlinzi wa viatu?"

"Ndiyo," Hulail akasema. "Vua na vyako, nitakulindia." Kahawa ilikuwa inapoa humo ndani, na yeye ndiye aliyeipoza.

Mwishowe Mutlaq akasema, taratibu, "Amsha haondoi jina."

"Nani amemwomba aondoe?" Wadha akajibu. "Asimame. Tushindane, na mmoja wetu ashindwe mbele za watu, kama wanaume wanavyoshindwa."

"Hulail!" Mutlaq akaita. "Najua uko dirishani. Ingia."

Hulail akaingia, miguu mitupu, akasimama kama mtoto wa shule.

"Neno lako nimekurudishia. Siku nyingine uliza kwanza." Akageukia upande wa jiko. "Imwageni hii, imepoa. Twangeni nyingine."

Na kinu cha kahawa kikaanza kulia, kwa mdundo ule wa zamani unaosikika mtaa mzima ukitangaza kwamba nyumba ina wageni wa maana. Siku hizi hakisikiki popote. Wanawake wakasubiri kahawa mpya, wakanywa, wakatikisa vikombe kuonyesha wametosheka.

Wadha alishinda, kwa tofauti ya kura chache. Alikaa barazani mpaka jaa likahamishwa ng'ambo ya bonde, na akagombana na kila karani aliyekuwepo. Uchaguzi uliofuata Amsha alisimama tena, safari hii kwa kutaka mwenyewe, na alipanda kilima kwanza kuja kumwuliza Wadha jinsi ya kuomba kura.

Lakini Hulail akiukumbuka mwaka ule, si siku ya kura inayomjia. Inamjia safari ya kurudi nyumbani. Wanawake nyuma juu ya magunia wanaimba nyimbo za harusi, pahali pa jina la bibi harusi wanatia jina la Mutlaq, na wanacheka mpaka pikapu inayumba. Wadha amekaa mbele, anatazama barabara. Walipofika kwenye kona ya mwisho akasema, "Wakija kweli kwa ajili ya Rima, utawaambia nini?"

"Nitawaambia kahawa ni yao," Hulail akasema, "na haja nitaiulizia ndani kwanza."

"Sasa umekuwa mtu mzima."

Alikuwa anakaribia miaka arobaini, na ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo kutoka kwa dada yake. Hakuyasikia tena mpaka alipomzika. Wadha hakuwa mtu wa kurudia jambo.