Lori Lisilotaka Kusukumwa

Khisa, mtaalamu wa kliniki, alimpaka Kipkirui jeli baridi kama uji kichwani, akambandika nyaya tatu, akambana klipu masikioni. Kipkirui akasema sasa kilichobaki ni chumvi tu, aliwe. Huwa anatania hivyo akiogopa, na kwa wiki tano hizi amekuwa mcheshi kupita kiasi.

Kliniki yenyewe ni chumba kimoja, ghorofa ya tatu, katikati ya mji wa Nakuru, na dirisha lake halifunguki. Mbele ya kiti kuna skrini, na kwenye skrini kuna lori jekundu barabarani. Halina usukani wala pedali. Nyaya zinasoma umeme wa ubongo: ukitulia huku uko macho, lori linatembea, ukipaniki, linasimama, ukisinzia, linasimama vilevile. Khisa alishamweleza kwamba hapa hakuna sindano wala vidonge. Kichwa kinajiona kinavyokwenda, kinajifunza kujituliza chenyewe.

Kipkirui, dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshindwa na lori la katuni mara tisa.

Kilichomleta hapo ni mteremko wa Salgaa. Mwezi wa pili, trela lililokosa breki lilimgonga kwa nyuma, kabini ikajikunja, usukani ukamkalia mapajani saa nne nzima mpaka wakata vyuma walipofika. Miguu ilipona. Ila tangu siku hiyo, mlango wa lori ukifungwa, kifua nacho kinafungwa. Mkewe, Cheruto, alimsihi arudi Olenguruone walime viazi. Akamjibu kwamba viazi havina honi. Tajiri wake akampa vikao kumi. Cha kumi kikiisha bila grafu nzuri ya mashine, lori ni la Odero, aliyekuwa utingo wake mpaka juzi.

Leo ndicho cha kumi.

Kosa lake lilikuwa la kidereva. Watu wa njia ndefu wanaamini kila mashine ya kupima mtu ina ujanja wake, kuanzia ile ya kupuliza ya polisi. Basi kikao cha kwanza alikaza meno kuishika akili isitoroke. Mistari ya mashine ikaruka kama mbuzi, Khisa akamwambia hiyo ni taya, si ubongo. Cha nne alijilegeza mpaka akakoroma. Cha saba alikuja ametafuna miraa, na hicho tusikizungumzie.

Leo dakika kumi zilipita, lori liko palepale. Jasho likamtoka. Nyaya zikawa nzito, klipu zikabana kama chuma kile cha Salgaa, na dirisha lisilofunguka likaanza kumsogelea. Mkono ukapanda ung'oe kila kitu.

Khisa akasimamisha mashine. Hakumwambia atulie, neno hilo lilikuwa limeshamchosha mwenyewe. Akamuuliza tu, mteremko wa Salgaa huwa anaushuka vipi.

"Na gia ya chini," Kipkirui akasema. "Ukitia fri, gia isishike, umekufa. Ukikanyaga breki njia yote zinashika moto, bado umekufa. Unaweka gia ndogo ukiwa juu, unaiachia injini ishikilie. Mguu unakaa karibu na breki, lakini hauna kazi."

"Na kwa hiki kiti, mzee, umekuwa ukishuka vipi?"

"Breki njia yote, ama fri," Kipkirui akasema, akaushusha mkono.

Wakaanza tena. Kifua kikaanza kufungwa, akakiacha. Hakukisukuma wala hakukikimbia, alikaa nacho tu, macho wazi. Lori likasonga. Akafurahi, likasimama. Akaacha kufurahi, likasonga. Mwisho Khisa alimchapishia grafu nzuri, akamwonya kwamba skrini ni skrini.

Mchana huo, kwenye yadi, Odero aliipokea grafu, akaigeuza juu chini, akampa funguo bila kinyongo. Safari ilikuwa ya Eldoret, na ya Eldoret inapita Salgaa.

Kipkirui akapanda, akafunga mlango. Humu hamkuwa na lori jekundu la kumwonyesha anavyokwenda. Kifua kikabana. Akangoja. Hakikuachia, lakini hakikumtoa nje. Injini hakuiwasha.

"Boss, karatasi inasema umepona," Odero akasema kutoka chini.

"Karatasi haijakaa humu ndani." Akasogea kwenye kiti cha utingo, akamnyooshea funguo dirishani. "Endesha wewe. Mimi nitakaa huku, mlango ukiwa umefungwa."

"Kwa hivyo leo utingo ni nani?"

"Ni mimi. Na usinitume soda."

Wakatoka getini. Kipkirui alikuwa ameshika kishikio cha mlango kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Odero aliona, akarudisha macho barabarani.

"Ongea," Kipkirui akamwambia. "Chochote. Hata nitukane."

Odero, aliyekuwa na matusi ya miaka sita aliyomwekea, akaanza.