Macho ya Doto

Tangu asubuhi Herieth alikuwa akihamishia picha za harusi kwenye kompyuta kuukuu ya studio yake ya picha, na kila zilipofika nusu mashine inakwama, anaanza upya. Macho yalimuuma. Ndipo akaingia mwanamke aliyejitanda khanga mbili kwa baridi ya Sumbawanga.

"Habari za kazi, dada. Naitwa Kulwa, nimetoka Ilemba. Nataka picha ya pacha wangu, Doto."

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Tulimzika mwaka jana."

Picha za Doto zote zilikuwa kwenye simu, na simu iliangukia mtoni. Sasa mama yao alitaka ya kuweka mezani siku ya ibada ya kumkumbuka.

"Tulifanana sana," Kulwa akasema. "Nipige mimi, halafu unigeuze niwe yeye."

Herieth alitaka kumwambia arudi kesho. Lakini Ilemba si karibu. Akamvutia kiti, akampiga, akachomoa kadi kwenye kamera na kuichomeka kwenye kompyuta. Sura ya Kulwa ilipojitokeza kwenye skrini, kubwa, imekonda, mwenyewe aligeukia pembeni.

"Toa hilo kovu," akasema hatimaye. "Yeye alikuwa mnene kidogo. Na mbele alikuwa na mwanya."

Herieth akafuta kovu, akajaza mashavu, akatenganisha meno. Kulwa alizidi kusogea, mpaka pumzi zake zikamfikia Herieth shingoni.

"Macho bado."

"Yana nini?"

"Doto hakuwa na macho ya kuchoka."

Herieth akayaangaza, akapunguza uvimbe wa chini, akakoleza kope. Wapi! Akarudia, akarudia tena, hadi mkono ukamfa ganzi.

"Nimefika mwisho, dada. Nisikudanganye, haya ni macho yako."

"Basi itoe hivyo hivyo. Mama atasema ndiye. Siku hizi hata mimi ananiita Doto."

"Nawe unaitika?"

"Nifanyeje? Naitika."

Picha ilipotoka kwenye printa, Kulwa aliiviringisha taratibu ndani ya khanga. Alipofika mlangoni akasimama.

"Ile ya kwanza umeifuta?"

"Ipo."

"Usiifute. Mama akitangulia mbele ya haki, nitakuja kuichukua."

Herieth akaihifadhi kwa jina la Kulwa, kisha akazima kompyuta.