Kikohozi Katika Tangazo la Mama

Daktari wa tatu aliniambia kwa furaha kwamba kifua changu ni kisafi. Picha safi, makohozi safi, damu safi. "Huna kitu, mama," alisema. Nikamkoholea palepale dakika nzima, na hicho kitu nisichokuwa nacho kikanitoa machozi. Kikohozi kilikuwa kimetimiza miezi tisa. Ingekuwa mimba, ningekuwa nimeshajifungua.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kero tu. Mimi kazi yangu ni kusoma matangazo ya vifo redioni, na hakuna familia inayotaka marehemu wake akoholewe. Nilipokohoa hewani mara ya pili, mkuu wa vipindi alinikataza kusoma moja kwa moja. Tangu hapo nikawa narekodi asubuhi na fundi mitambo, tukajiwekea utaratibu: nikikohoa, nairudia sentensi yote tangu mwanzo. Yeye akikaa kuhariri, wala hasikilizi. Anakiona kikohozi kwenye kioo cha kompyuta, kimesimama kama mwiba, anakifuta pamoja na sentensi iliyokitangulia, maana anajua nzima inafuata. Hivyo nikawa nasikika mzima wa afya, na kuna siku nilijisikiliza nikaamini.

Aliyependa kunisikiliza kuliko wote ni mama. Miaka kumi na moja alikuwa kitandani, upande mmoja umepooza. Mimi ndiye niliyemwosha, nikamlisha, nikagombana naye. Kaka zangu wawili walikuwa mbali, hodari wa kupiga simu.

"Siku yangu ikifika, unisome wewe," aliniambia. "Sitaki kutangazwa na mtu asiyenijua."

"Kwa kifua hiki, mama, utanitangaza wewe."

"Acha upuuzi. Kohoa umalize, halafu unisome."

Alifariki Jumanne alfajiri. Mjomba akapanga maziko kesho yake, saa tisa alasiri, na asubuhi ya siku ya maziko nikaenda kazini. Kila mtu alinishauri nimwachie mwenzangu asome. Nikawaambia waniache.

Nilisoma vizuri. Nilimtaja mama na ushonaji wake, nikawataja kaka zangu na miji wanakoishi. Kisha nikafika kwenye sentensi yangu: "Ameacha pia kitinda mimba wake, binti aliyekuwa akiishi naye, ambaye ndiye anayewasomea tangazo hili." Niliitoa yote, neno kwa neno, kikohozi kikaja mwishoni. Nilipopata pumzi nikaendelea na saa ya maziko. Sikuirudia. Ilikuwa imetoka nzima, na kusema kweli sikuwa na nguvu ya kuisema mara mbili.

Saa saba mchana sebule ilijaa watu hadi barazani, redio iko juu ya kabati. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Ilimtaja mama, ikamtaja kaka mkubwa, ikamtaja wa pili, kisha ikasema maziko ni saa tisa.

Mjomba alinigeukia. "Mwanangu, mbona umejisahau?"

Nilitoka nje nikampigia fundi. Nikamsikia akibonyezabonyeza kompyuta.

"Dada, niliona kikohozi nikakata. Nilijua umerudia."

"Hicho kipande kipo?"

"Nimeshakifuta. Njoo turekodi upya, kitaingia saa kumi na moja."

Saa kumi na moja mama angekuwa ameshazikwa, na tangazo la aliyekwishazikwa halisomwi. Hilo nililijua vizuri, maana wengi waliochelewa nimewarudisha mimi mwenyewe pale kwenye dirisha la kupokelea matangazo, tena kwa ukali.

"Basi, fundi," nilimwambia. Sikuwa na hasira naye. Niliumia tu, niliumia sana.

Nikarudi ndani nikakaa karibu na kaka zangu. Watu walipita kuwapa pole, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja aliyetoka safari, mkoba bado begani, alisimama mbele yangu akaniuliza kwa upole mimi ni nani wa marehemu. Nilifungua mdomo kumjibu, kikohozi kikaanza. Alisubiri, akasubiri, kisha akanipapasa bega na kwenda kumpa pole kaka.